Nani Aseme Hapana? Mageuzi ya Uchumi Tanzania na Kenya, 1979–2024

Mwishoni mwa mwaka 1979 Waziri wa Fedha wa Tanzania, Edwin Mtei, alijiuzulu. Alikuwa ameketi na wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wakaafikiana namna ya kuinusuru nchi iliyokaukiwa na fedha za kigeni. Rais wake, Julius Nyerere, akayakataa makubaliano hayo. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya mpaka, Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha muundo wa uchumi. Masharti yake yalikuwa ndugu wa yale yaliyomshinda Mtei: legeza uagizaji wa bidhaa, punguza mkono wa serikali katika biashara ya mazao, iache shilingi ifikie thamani yake halisi.

Aliyetazama mwaka ule angesema Kenya ndiyo msikivu na Tanzania ndiyo mkaidi. Lakini miaka kumi baadaye polisi wa Kenya walikuwa bado wanasimamisha malori ya mahindi barabarani na kudai kibali, wakati Tanzania ilikwisha kubomoa sehemu kubwa ya uchumi wake wa amri. Aliyekubali hakutenda, aliyekataa akatenda. Kisa hiki hakielezeki kwa ujamaa na ubepari peke yake, wala kwa tabia ya Nyerere na tabia ya Rais Moi wa Kenya. Inabidi kuuliza ni nani katika kila nchi aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, na kama aliisema kabla ya saini au baada yake.

1964–1977: Chama hapa, Ikulu kule

Nchi zote mbili zilirithi kwa Waingereza katiba za vyama vingi, na zote mbili hazikukaa nazo. Tanzania ilipata Katiba ya Muda mwaka 1965, ikawa nchi ya chama kimoja: TANU upande wa Bara, ASP upande wa Zanzibar. Kenya ilianza na majimbo na Bunge la mabaraza mawili. KADU, chama kilichopigania majimbo, kikajivunja Novemba 1964, Seneti ikafutwa miaka miwili baadaye, na KPU ya Jaramogi Oginga Odinga ikapigwa marufuku mwaka 1969. Tangu hapo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, sheria ikiwa kimya.

Mfanano unaishia hapo. Tanzania, madaraka yalihamia chamani. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, halikuanzia bungeni. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Sheria zilifuata. Mwaka 1975 katiba yenyewe ilirekebishwa ili kutamka kwamba chama ndicho chenye kauli ya mwisho, na TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 kuzaa CCM, msemo uliotawala ulikuwa kwamba chama kimeshika hatamu. Kilizishika kweli, kuanzia balozi wa nyumba kumi mpaka Halmashauri Kuu ya Taifa. Waziri aliyetaka kubadili jambo kubwa hakuwa na shaka juu ya Bunge. Shaka yake ilikuwa Dodoma, kwenye kikao cha chama.

Kenya ilikuwa na chama jina tu. KANU iliamka wakati wa uchaguzi na kulala ukiisha. Nchi iliendeshwa na Rais kupitia maofisa wake, PC mkoani, DC wilayani, DO na chifu chini yao, na wote walijibu kwa mtu mmoja. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulizungumzia ujamaa wa Kiafrika, lakini sijaona dalili kwamba kuna chifu aliyepoteza usingizi kwa ajili yake. Sera ilikuwa kile ambacho Ikulu ilikitaka mwaka ule.

Kwa hiyo kubadili mkondo Tanzania kulihitaji kuwageuza mawazo wajumbe wengi na mwenyekiti wao, kazi ya miaka. Kenya alihitajika mtu mmoja tu aone faida. Na mtu huyo mmoja aliweza kubadili nia tena Jumatatu ijayo.

1978–1984: Foleni

Balaa liliandamana na balaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyoishia kwa kuanguka kwa Kampala Aprili 1979 viligharimu fedha ambazo hazikurudi. Mafuta yakapanda bei mwaka huohuo. Viwanda vya Tanzania vilikosa vipuri, mashamba yakakosa pembejeo, na mkulima akaona bora avushe kahawa na mahindi yake mpakani usiku kuliko kuuza kwa shirika la umma litakalomlipa msimu ujao, likimlipa.

Mijini maisha yakawa foleni. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula, betri za redio, khanga, vyote vilitafutwa kwa kujuana. Mtu aliyeona watu wamepanga mstari nje ya duka alijiunga kwanza, akauliza baadaye kinachouzwa. Bei ya serikali ilikuwa ndogo na dukani hakuna kitu. Kwa mlanguzi kitu kilikuwepo, bei yake mara kadhaa ya ile ya serikali.

Januari 1980 Nyerere aliwaambia mabalozi wa nchi za nje msimamo wake, akahoji tangu lini IMF imegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia. Makubaliano madogo yalisainiwa baadaye mwaka ule, yakavunjika upesi. Badala yake serikali ilitunga mipango yake yenyewe, wa 1981 na wa 1982, ambayo ilitegemea fedha zisizokuwepo. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria maalumu ilitungwa, watu wakakamatwa, maghala yakapekuliwa. Kwa siku chache bidhaa zilionekana, kisha zikatoweka kuliko kwanza. Wapo waliozitupa mitoni na vichakani usiku ili zisikutwe nyumbani kwao. Ule msako ulipendwa na wengi, na Sokoine analiliwa mpaka sasa, lakini ulithibitisha jambo ambalo hakuna mchumi angeweza kuwathibitishia wajumbe wa chama: hata ukimkamata kila mlanguzi, duka litabaki tupu. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984.

Miezi miwili baadaye, katika bajeti ya Juni 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliusogeza mpaka. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa alizitoa wapi. Shilingi ilishushwa kutoka takriban 12 kwa dola hadi 17. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Haukupita muda mrefu rafu zikajaa, mitumba ikamwagika masokoni, na foleni zikafupika kwa sababu ambayo si ya kushangilia: vitu vilikuwepo, wenye fedha za kuvinunua ndio walipungua.

Angalia mwaka. Nyerere alikuwa bado Rais na bado mwenyekiti. Hapakuwa na mkataba wowote na IMF uliokuwa hai. Hatua hii ya kwanza, ambayo vitabu vingi huiruka, ilitoka ndani. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu, walianza mwaka huohuo makongamano ya sera za uchumi ambako serikali, chama na wasomi walibishana hadharani kuhusu jambo lililokuwa mwiko. Na Zanzibar ilitangulia mbele. Januari 1984 Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu urais wa visiwa katika kikao cha Halmashauri Kuu mjini Dodoma, ushahidi mwingine wa mahali nguvu ilipokaa. Nafasi yake ikachukuliwa na Ali Hassan Mwinyi, ambaye alilegeza biashara visiwani, na watu wa Bara wakawa wanavuka bahari kununua vitu.

1985–1992: Viti viwili, watu wawili

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwinyi aliapishwa kuwa Rais wa Muungano. Nyerere alibaki mwenyekiti wa CCM hadi Agosti 1990. Wengi huisimulia miaka hiyo mitano kama kipindi cha breki: Rais anataka kwenda, mwenyekiti anavuta nyuma. Kuna ukweli. Lakini nadhani kutengana kwa viti ndiko kulikoruhusu safari kuanza. Mwaka 1986 Mpango wa Kufufua Uchumi ulizinduliwa, shilingi ikafika 40 kwa dola, na Agosti serikali ikasaini na IMF. Aliyesaini ni serikali. Chama kiliendelea kuutetea ujamaa, na mwaka 1987 kilitoa mwelekeo wake wa miaka 15 ambao ukiusoma hutajua kwamba chochote kimetokea. Hakuna mzee aliyelazimishwa kusimama mbele ya wenzake na kukana maneno yake ya 1967. Mageuzi yalipita ubavuni mwao.

Yalipita, ila si kila mahali. Bei, biashara ya nje na biashara ya nafaka vililegezwa mapema. Mabenki na mashirika ya umma hayakuguswa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa Azimio. Hapo chama kilikuwa bado na hapana yake, na serikali ilijua.

Mwinyi alipokabidhiwa uenyekiti, muda wa hapana hiyo ulikwisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea mishahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba. Mwaka huohuo sheria ya mabenki ilifungua mlango kwa mabenki binafsi, na mwaka uliofuata mchakato wa kubinafsisha mashirika ukaanza. Kikao kilekile kilichozaa Azimio la Arusha ndicho kilicholizika, kwa utaratibu uleule wa kukubaliana kwanza na kulitangazia taifa baadaye. Ndiyo maana Tanzania, ilipogeuka, haikurudi nyuma. Watu waliokuwa na uwezo wa kukataa walikuwa wamekwisha kukaa, wakalijadili na kulimeza. Watu wakamwita Mwinyi Mzee Rukhsa.

Februari hiyohiyo ya 1991 Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu wanane katika kila kumi walisema waendelee na kimoja. Tume ikapendekeza vingi, CCM ikakubali, na tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Mtei, yule waziri aliyejiuzulu, akawa mwasisi wa CHADEMA, na Lipumba baadaye akaongoza CUF. Tume hiyo ilitaja pia sheria 40 zenye kasoro na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Nyingi zilibaki. Chama kilichoamua kuruhusu ushindani ndicho kilichopanga pia ushindani huo uende hadi wapi.

1980–1993: Mahindi ya Kenya

Turudi ng'ambo ya pili. Mkopo wa 1980 ulifuatwa na mwingine, na mwingine. Katika mingi ya mikopo ya muongo ule kulikuwa na ahadi ya kulegeza soko la mahindi, na kila mara ahadi ilitolewa kana kwamba ni mpya.

Mahindi yalikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Bodi ilipanga bei, ilinunua, ilihifadhi, na hakuna aliyeruhusiwa kusafirisha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Mama wa Kitale aliyetaka kupeleka mahindi sokoni mahali penye njaa aliyagawa kidogokidogo kwenye mabasi, akitoa kitu kidogo kila kizuizi. Gharama ya vizuizi iliingia katika bei ya gorogoro, kopo la kupimia, aliyouziwa mnunuzi. Mwenye kibali kikubwa hakusimamishwa. Vibali hivyo vilikuwa neema ya kisiasa. Bei nzuri ya bodi iliwafurahisha wakulima wakubwa wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, ngome ya Rais Daniel arap Moi. Bodi yenyewe ilitoa kazi. Maghala yalimwezesha Rais kufika kwenye ukame akiwa na chakula mkononi. Ukiliachia soko, vyote hivyo vinakwenda.

Na hapakuwa na chombo cha kumbana. Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Agosti 1 askari wa anga walijaribu mapinduzi, na baada ya hapo Moi hakumwamini mtu. Mwaka 1986 katiba ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakapoteza ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 zamu ikawa ya majaji. Mwaka huo uteuzi wa wagombea wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga mchana kweupe nyuma ya wakala wa mgombea, na aliyezidi asilimia 70 alikwenda bungeni bila kura ya siri. Bunge lililopatikana kwa njia hiyo halingemuuliza waziri kwa nini vizuizi vya mahindi bado viko pale.

Mfumo huu ulikuwa mwepesi mno wa kutia saini na mgumu mno wa kutekeleza. Waziri angeweza kuahidi chochote huko Washington kwa kuwa hakuwa na kikao cha kukishawishi akirudi. Kwa sababu hiyohiyo ahadi haikuwa na wenyewe. Wafadhili, ambao vita baridi viliwafanya waithamini Kenya, walilijua hilo na wakaendelea kulipa.

Vita baridi vilipokwisha, uvumilivu uliisha. Novemba 1991, mjini Paris, wafadhili walisimamisha misaada mipya. Tarehe 3 Desemba wajumbe wa KANU walikutana Kasarani, wasemaji wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kukilaani chama kingine chochote kitakachothubutu. Kisha Moi akasema kifungu cha 2A kiondolewe. Kikaondolewa. Hakuna simulizi nzuri kuliko hii ya tofauti kati ya KANU na CCM: Dodoma walibishana miaka saba, Kasarani ilitosha sentensi moja.

Lakini kufungua uchaguzi bila kurudisha nguvu za vyombo vya ukaguzi kulizaa ajabu. Moi alishinda Desemba 1992 kwa asilimia 36, upinzani ukiwa umegawanyika, na kampeni ile ilimwaga fedha kiasi kwamba noti mpya ya shilingi 500 ilipewa jina la Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana la YK'92. Wakati huohuo kampuni ya Goldenberg ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa kusafirisha nje dhahabu na almasi za nchi ambayo karibu haizichimbi. Mpango wa fidia ya wauzaji nje ulibuniwa kuhamasisha biashara, yaani ulikuwa sehemu ya mageuzi yenyewe. Sera nzuri iliyopita katika ofisi ambazo hakuna awezaye kusema hapana ikageuka shimo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40.

Machi mwaka huo Moi alitangaza kuyatupa mageuzi ya IMF, kisha akayarudia majuma machache baadaye, hazina ikiwa imekauka. Chini ya Waziri mpya wa Fedha, Musalia Mudavadi, udhibiti wa fedha za kigeni ukaondolewa. Na mwishoni mwa mwaka, miaka 13 baada ya mkopo wa kwanza, vizuizi vya mahindi vikafutwa.

1995–2010: Hapana zinaongezeka Kenya

Kipindi cha Rais Benjamin Mkapa, aliyemrithi Mwinyi, nitakipita haraka, kwa kuwa kinathibitisha tu yaliyosemwa. Alikuta wafadhili wamezuia misaada kutokana na misamaha ya kodi iliyotolewa ovyo, akaanzisha Mamlaka ya Mapato mwaka 1996, akaigawa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka uliofuata na kuuza sehemu yake kwa Waafrika Kusini mwaka 2000. Uuzaji huo ulilalamikiwa sana, na pengine kwa haki. Haukuwahi kukaribia kushindwa bungeni.

Kenya mambo yaligeuka. Mwaka 1999 Bunge lilijipatia tume yake ya utumishi, likaacha kutegemea ofisi ya Rais kwa mishahara na wafanyakazi. Mwaka huo Moi alimleta Richard Leakey kuongoza utumishi wa umma ili kuwaridhisha wakopeshaji. Ilionekana kama zamani: saini, picha, fedha. Lakini Desemba 2000 Mahakama Kuu ilisema mamlaka ya kupambana na rushwa haina msingi katika katiba, na Agosti 2001 serikali ilishindwa kupata theluthi mbili bungeni za kuirudisha. Misaada ikakwama tena. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Rais wa Kenya aliahidi jambo na kushindwa kulipitisha kwa sababu ambazo hazikuwa zake, na inauma kidogo kwamba jambo hilo lilikuwa vita dhidi ya rushwa. Chombo chenye uwezo wa kukataa hakichagui kukataa mabaya peke yake.

Mwai Kibaki aliingia mwishoni mwa 2002, elimu ya msingi ikawa bure Januari 2003, na rasimu ya katiba ikapelekwa kwa wananchi Novemba 2005. Wakaikataa. Ilibidi damu imwagike baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu elfu moja wakafa, na Kofi Annan akawakalisha Kibaki na Raila Odinga hadi wakasaini tarehe 28 Februari 2008. Katiba iliyotokana na maridhiano hayo ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27. Seneti ilirudi. Kaunti 47 zilipata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Serikali ikalazimika kuwashirikisha wananchi kabla ya kutunga sheria, na mtu yeyote akapewa haki ya kwenda mahakamani kuitetea katiba. Nchi iliyokuwa na hapana moja, ya Rais, sasa ilikuwa nazo nyingi kuliko ilivyoweza kuzihesabu. Mwaka 2020 Seneti ilikaa vikao kadhaa bila kuafikiana juu ya kanuni ya kugawa fedha za kaunti.

Tanzania nayo ilijaribu. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni na kupendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalum lilipokaa Dodoma mwaka 2014, wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA walitoka nje mwezi Aprili, na waliobaki, wengi wao wa CCM, wakaandika Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Haikufanyika.

2017–2024: Kodi

Miaka ya karibuni imeweka tofauti hizi wazi, kwa kuwa pande zote zimebishana juu ya jambo moja, fedha za serikali.

Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu. Ndani ya miezi minne sheria za kusimamia mali asili na madini zilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupita kwa siku chache. Januari 2020 serikali ilisaini na kampuni ya madini ya Barrick na kupata asilimia 16 ya kampuni mpya ya Twiga. Kampuni za kigeni zilizozoea mikataba ya miongo hazikupata hata muda wa kuajiri washauri.

Kasi hiyohiyo ilileta tozo za miamala ya simu Julai 2021. Safari hii aliyekatwa hakuwa mgeni. Mtu aliyemtumia mzazi wake fedha kijijini alikatwa kwa kutuma, na mzazi akakatwa kwa kutoa. Kelele zilikuwa nyingi, na hazikupita bungeni. Zilikwenda moja kwa moja kwa Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye aliagiza tozo ziangaliwe upya. Zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ile, zikapunguzwa tena mwaka 2022. Kosa lilisahihishwa, kwa sababu aliye juu alisikia. Mwananchi asiyesikika hakuwa na mlango wa pili.

Kenya milango ilikuwa mingi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo ya nyumba ni kinyume cha katiba. Machi 2024 Rais William Ruto alisaini sheria mpya iliyoirudisha. Muswada wa Fedha wa 2024 ulichapishwa, maoni yakakusanywa, vijana wakauchambua kifungu kwa kifungu mitandaoni, na kodi ya mkate ikaondolewa kabla ya kura. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono, 106 wakapinga. Mchana huo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na polisi wakafyatua risasi za moto. Watu waliuawa. Kesho yake Ruto alisema hatasaini. Julai 31 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia, kwa hoja ya ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa nyingine. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hukumu yangu ni kwamba Kenya ya 2024 ilikuwa na hapana nyingi lakini iliyosikika ilikuwa ya barabarani, kwa sababu wengi wa wabunge waliopewa kazi ya kuisema ndani waliinyamazia. Tanzania ilikuwa na ndiyo ya haraka na tiba ya haraka, vyote kutoka mkono mmoja.

Tarehe 11 Desemba 2024 Ruto alisaini sheria ya kurekebisha kodi iliyorudisha baadhi ya mapendekezo yaliyokuwa katika muswada wa Juni. Tanzania inaendelea kutumia Katiba ya 1977, iliyorekebishwa mara nyingi.